Baba mkwe, radi na lugha ya wapiga mizinga

MkaziWaRaskazone aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi wa mambo ya jeshi. Baba mkwe wangu, ambaye tunaishi naye hapa Tanga, alistaafu akiwa sajini wa kikosi cha mizinga, na ingawa ni miaka mingi tangu avue kombati, nyumba yetu bado inaendeshwa kama kambi. Kufagia uani ni fatiki, chumba cha kulia ni mesi, na mjukuu anayechelewa kuamka huitwa kuruta. Hayo nimeyazoea. Kinachonishangaza ni kwamba umeme wa radi unapomulika huachama kinywa, kisha hukunja vidole kimoja kimoja mpaka ngurumo isikike. Jirani yetu anaamini kwamba anavuta uradi. Halafu anapokwenda sokoni Ngamiani, nikimtajia mahitaji huyarudia yote kwa sauti kubwa, "Sukari kilo moja, nazi tatu," kana kwamba mimi ndiye kiziwi.

Mstaafu_Mizinga alijibu:

Mwanangu, huo si uradi. Mzee anapima masafa. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mwako na mlio ni kilomita moja, na ndivyo tulivyokadiria mzinga wa upande wa pili ulipo tulipouona ukiwaka. Kuachama ni kinga ya masikio: ukifumba mdomo, mshindo wote huisukuma ngoma ya sikio kutoka nje, lakini ukiachama, hewa huingia na ndani pia, na sikio huumia kidogo.

Kurudia maneno ni jambo zito zaidi. Mpiga mzinga haoni anakopiga. Mzinga wa milimita 122 hulirusha kombora la karibu kilo 22 hadi kilomita 15, na anayeona linapoangukia ni mwenzako aliye mbele na darubini, ambaye ndiye husema ongeza, punguza, kushoto kidogo. Tarakimu moja ikisikika vibaya, kombora linamwangukia yeye. Ndiyo maana kila amri hurudiwa kwa sauti kabla ya kutekelezwa. Kuhusu ukiziwi, usimcheke. Enzi zetu wengi tuliziba masikio kwa pamba, na mimi mwenyewe husikia mluzi usiku kucha. Chunguza sikio lake zima ni lipi, uongee upande huo.

Mwalimu_Chumbageni alijibu:

Shikamoo, afande. Naomba niongeze upande wa lugha. "Kuruta" ni Kiingereza kilichotiwa irabu, nami naamini lilienezwa na askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ilhali "afande" lina asili ya Kituruki. Kifaru cha jeshi tulikitoa porini, kwa umbo na ukaidi wake. Lakini tamu kuliko yote ni "mzinga", ambalo ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani: nyuki walilikaa kabla baruti haijafika. Hapa Tanga, Novemba 1914, aina zote mbili zilipigana. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 kutoka India dhidi ya kikosi cha Wajerumani cha kamanda von Lettow-Vorbeck kilichokuwa na watu kama 1,000. Manowari yao, Fox, iliupiga mji kwa mizinga, na nyuki waliochokozwa na risasi wakatoka katika ile ya mitini wakawashambulia askari. Sidhani kama kuna mji mwingine wenye haki zaidi ya kulimiliki neno hilo. Nasikitika kwamba vijana wamelifanya kuwa ombaomba.

MkeWaMjeda_Bagamoyo alijibu:

Mwalimu, usilisikitikie. Mimi hapa Bagamoyo napigwa mizinga kila mwisho wa mwezi, na wapigaji ni wanangu wanaotaka vocha. Baba yao akiwasikia husema ghala ni tupu, kisha hunikonyeza niwape kwa siri. Dada, huyo mzee mwache aendeshe kambi yake. Siku akinyamaza ndipo utakapopata wasiwasi.

MkaziWaRaskazone alijibu:

Nawashukuru nyote, na afande, marahaba yako nimeiona hata kama hukuiandika. Jana jioni umeme ulimulika upande wa baharini, nami nikaketi karibu na sikio lake la kulia, ambalo nimegundua ndilo zima, nikahesabu pamoja naye. Tulifika kumi na mbili. "Kilomita nne, inakuja," akasema. "Kuruta, kaanue nguo."