Picha za Kilimanjaro kutokea Moshi zinatoka bapa, nifanyeje?

Kijana_wa_Pasua:
Wakuu, habari zenu. Kazi yangu ni picha za harusi hapa Moshi, ila kinachoninyima usingizi ni mlima. Lenzi ninayo ile ya milimita 18-55 iliyokuja na kamera. Nikipiga Kibo, kile kilele chenye theluji, saa nne asubuhi, theluji inatoka nyeupe tupu, chini kijivu, na mlima wenyewe unaonekana mdogo kama kichuguu. Ninunue lenzi kubwa?

Mama_Majaruba:
Mdogo wangu, hela ya lenzi iache kwanza. Saa nne ni kuchelewa. Jua likipanda, unyevu wa msituni nao unapanda, wingu linajikusanya kiunoni mwa mlima na mara nyingi muda huo Kibo kimeshajifunika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe umeshafunga kamera kwenye tripodi. Huku karibu na ikweta jua linapanda wima, ile rangi ya waridi kwenye barafu haikai. Asubuhi inayofuata mvua ya usiku usiikose kabisa, vumbi lote limelala.

Halafu kuna mwezi wa mwaka unaopiga, na hapa ndipo nasisitiza sana. Ukiwa Moshi, mlima uko kaskazini yako. Mwezi wa sita jua linachomozea kaskazini-mashariki, kwa hiyo uso wa kusini, huo unaouona wewe, unabaki kivulini kwa sehemu kubwa. Desemba na Januari linachomozea kusini-mashariki: mwanga unatokea nyuma ya bega lako la kulia, unaupiga uso huo kwa mshazari, na kila korongo linajitokeza. Kamera ileile, mahali palepale, picha tofauti kabisa! Chagua sehemu moja uirudie mwaka mzima, utaona.

Kuhusu udogo, acha kupiga kwa 18, ule upande mpana. Zungusha hadi 55 uvute karibu, simamisha kamera wima, piga vipande kadhaa vinavyopishana kidogo, uviunge kwenye kompyuta. Na mlima uupe kitu cha mbele. Mimi nashuka Chekereni majaruba ya mpunga yakishajazwa maji, kabla miche haijasongamana. Teremsha kamera hadi karibu na maji, Kibo utakiona mara mbili. Upepo ukianza, basi tena.

Fundi_Mwanga:
Naunga mkono. Hiyo theluji kuungua ni kwa sababu kamera inapima msitu wenye giza, inaongeza mwanga. Punguza mwanga kwa stopu moja (yaani nusu yake) au moja na nusu, angalia histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye skrini) isigonge ukuta wa kulia, na upige RAW, lile faili ghafi la kamera. Giza utaliinua baadaye, lakini nyeupe iliyoungua hairudi.

Kijana_wa_Pasua:
Asanteni sana. Dada, na filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, je? Nimeona moja mtumba.

Mama_Majaruba:
Inafaa, maana alfajiri jua linakuwa ubavuni mwako na hapo ndipo inaposhika zaidi, bluu inakolea na ukungu wa mbali unapungua. Ila kwa 18 anga litatoka na doa jeusi upande mmoja, itumie ukiwa umevuta. Na ukifika kwenye majaruba ivue, au uizungushe taratibu huku unaangalia maji, kwa sababu inaweza kukifuta hicho Kibo cha chini ulichokifuata.