"Run out" au "run out of" mzigo ukiisha?

DukaKariakoo: Wakuu, mteja anayeandika Kiingereza akiulizia mashuka na yamekwisha, ipi ni sahihi: "The sheets have finished", "We are run out of sheets" au "The sheets have run out of"? Dukani kila mtu ana lake.

Mwl_Temeke: Zote tatu zina kasoro, mkuu. Anzia kwenye Kiswahili, maana tofauti hiyo tunayo tayari. Mashuka yameisha: "The sheets have run out." Tumeishiwa mashuka: "We have run out of sheets." Kiima kikiwa kile kilichoisha, "of" haiji. Kiima kikiwa aliyeishiwa, awe mtu, duka au gari, weka "of" ukitaja kilichoisha.

Hiyo "we are run out of" chanzo chake ni "tumeishiwa", ambayo umbo lake ni la kutendwa. Kiingereza hapo hakitendwi, kinataka "have". Na "have finished" kwa bidhaa ataielewa, ila mwenyewe asingeisema hivyo.

Mhariri_Upanga: Nakazia nyakati, ndiko wengi wanakoteleza. Ni "run, ran, run". Jana: "We ran out yesterday." Sasa hivi hakuna: "We have run out." "Have ran" ni kosa. "We are running out" maana yake yamebaki kidogo, kwa hiyo mteja ataagiza akitegemea kupata! Idadi pia usiitie: "We have run out of 3 sheets" haikubaliki, kwa sababu neno hili linasema hakuna kilichobaki.

DukaKariakoo: Asanteni sana. Na Luku je, na gesi?

Mwl_Temeke: Luku: "Our prepaid electricity has run out." Ya mtungi andika "cooking gas", kwani Mmarekani akisoma "We have run out of gas" atafikiria petroli ya gari. Viza inayokwisha muda nayo hutumia neno hilohilo: "My visa runs out in June."

Mhariri_Upanga: Ila chunga "on". "He ran out on his family" ni kuitelekeza familia. Kwa mteja wako, mkuu, tuma hivi: "We have run out of white sheets, but more are coming on Friday."