Supamaketi za Marekani zinatufanyisha kazi yao bure halafu bei wanatupiga, nimechoka

Wakuu salaam. Niko hapa Dayton, Ohio, na naandika nikiwa na hasira kwelikweli. Kuna supamaketi moja kubwa jirani yetu, jina naliacha, jana imenikera mpaka usingizi ukakata.

Iko hivi. Bibi mmoja Mkongo tunayekaa naye jengo moja kachukua pakiti ya mapaja ya kuku, na mimi nikachukua pakiti kama hiyo hiyo, shelfu moja, kibandiko kimoja cha njano kinasema dola 1.99 kwa pauni na chini yake kwa maandishi madogo 0.99 kwa mwenye kuponi ya kidigitali. Bibi anatumia kitochi. Namba yake ya simu ilishasajiliwa hapo dukani, akaiingiza kwenye mashine vizuri tu kama alivyofundishwa, mashine ikamkata 1.99. Kumbe kusajiliwa hakutoshi, lazima uwe na apu yao, uitafute ofa humo ndani, uibonyeze iingie kwenye akaunti yako KABLA ya kulipa. Mimi niliibonyeza nikiwa kwenye basi nikalipa nusu. Akaangalia risiti yangu, akaangalia yake, akaniuliza, "Mtoto wangu, juu ya nini miye nalipa mingi na weye unalipa kidogo, kuku si ni ile ile?" Mtu mzima yule, nikakosa cha kumjibu. Tukaenda kaunta ya huduma kwa wateja, dada wa pale akasema mfumo haumruhusu, ofa ni ya kwenye simu tu. Simlaumu yeye, na yeye kaajiriwa.

Sasa niambieni, kama kuku anauzika 0.99 kwangu anashindikanaje kuuzika 0.99 kwa bibi? Na wanaokosa hizi ofa ni kina nani? Wazee, wasio na bando, wakimbizi waliofika juzi ambao hata hiyo apu hawawezi kuisoma. Yaani wale wale wenye shida ndio wanalipa bei kamili, na sisi wenye simu nzuri tunapunguziwa!!

Kinachonichoma zaidi ni kwamba haikuanzia hivi. Zamani dukani Marekani mteja alikuwa haokoti kitu mwenyewe, unasimama kaunta unataja unachotaka, muuzaji ndio anakupimia unga, anakukatia jibini, anakufungia kwenye karatasi, na maduka mengi yalikuwa yanakopesha na kukuletea mpaka nyumbani. Mwaka 1916 Clarence Saunders akafungua Piggly Wiggly kule Memphis, Tennessee, ukiingia unapewa kikapu unazunguka mwenyewe kwenye shelfu mpaka kwa keshia. Maana yake duka linapunguza wafanyakazi, kazi ya kuokota unaifanya wewe, na wewe unapata bei nafuu. Watu wakakubali maana unafuu waliuona. 1930 uchumi umeanguka, Michael Cullen akafungua King Kullen huko Queens, New York, kwenye jengo lililokuwa gereji, mali imerundikwa bei chini, watu wanatoka mbali na magari yao. 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma City akaleta toroli, maana aliona kikapu kikiwa kizito mtu anaacha kununua. Hapo hata mimi sina neno, mteja anafanya kazi kidogo lakini anaondoka na nafuu yake mfukoni.

Halafu ikaja bakodi, ile mistari myeusi. Na hii ilianzia hapa hapa kwetu, Troy, Ohio, mji mdogo kaskazini mwa Dayton, tarehe 26 Juni 1974 kwenye duka la Marsh, kitu cha kwanza kuskaniwa ilikuwa pakiti ya bigijii ya Juicy Fruit, senti 67. Maduka yakaona kama mashine inajua bei basi hakuna haja ya kumlipa mtu abandike bei kwenye kila kopo. Wateja na vyama vya wafanyakazi wakawaka, kwamba nikifika kwa keshia nitajuaje sijapigwa? Michigan, jirani zetu hapa juu, wakatunga sheria 1976 kila bidhaa iwe na bei yake juu yake. Ilidumu mpaka 2011 ikafutwa. Kilichobaki huko Michigan ni kwamba mashine ikikukata zaidi ya bei iliyoandikwa unaweza kudai fidia mara 10 ya tofauti isiyozidi dola 5. Wangapi wanajua hilo? Wangapi wanakaa kusoma risiti na watoto wanalia kwenye toroli?

Sasa leo kuskani ni mimi, kupaki ni mimi, kutafuta ofa ni mimi kwa bando langu, mfanyakazi mmoja amesimama analinda mashine sita na kamera iko juu ya kichwa changu, parachichi likigoma kusoma taa nyekundu inawaka nasimama kama mwizi mbele za watu nasubiri aje abonyeze. Kazi yote imehamia kwangu. Nafuu yangu iko wapi??

Maana bei ndio hizo mnaziona. Mwaka 2022 peke yake chakula cha kupika nyumbani kilipanda asilimia 11.4 nchi nzima. Mayai Machi 2025 trei ndogo ya 12 ilifika wastani wa dola 6.23, sawa, homa ya ndege iliua kuku wengi, hilo naelewa. Nisichoelewa ni huu mchezo wa kupunguza ujazo kimyakimya. Aiskrimu ilikuwa boksi la aunsi 64, ikaja 56, sasa nyingi ni 48. Kopo la tuna ambalo wazee wa hapa wanalikumbuka la aunsi 7 leo ni 5. Kahawa "kopo la pauni" halina pauni siku nyingi. Wanajua mtu anakariri bei, hakariri uzito, halafu boksi wanaliacha pana vile vile kwa mbele wanalipunguzia unene, ukilishika ndio unashtuka.

Najua atakuja mtu hapa kusema Wamarekani wanatumia sehemu ndogo ya kipato kwa chakula kuliko miaka ya 1960. Kweli kabisa, kwa wastani. Bibi wa jengo letu hali kwa wastani mkuu, anakula kwa kadi ya msaada wa chakula ambayo hata kuku wa moto aliyeiva hawezi kununua kwa sheria ilivyo, na ikiisha tarehe 20 imeisha.

Na usiseme ahamie duka jingine. Lipi? Kuna sheria ya 1936, Robinson-Patman, iliyowekwa ili wenye viwanda wasiwape maduka makubwa bei ya upendeleo wakawanyima wadogo, kuanzia miaka ya 1980 serikali ikalegea sana kuisimamia, maduka mengi ya mtaani yakafa. Hapa Dayton mpaka wananchi walichangishana wakafungua ushirika wao, Gem City Market, mwaka 2021, kwa sababu upande ule wa mji ulikuwa umekosa supamaketi ya maana.

Mimi nataka kitu kidogo tu: bei ya ofa iwe ya kila anayefika kwa keshia, au kuponi za karatasi ziwekwe mlangoni kama zamani mtu achukue. Barua kwa meneja nimeshaiandika, risiti zetu mbili nimezipiga picha nimeambatanisha. Mlioko Columbus, Minneapolis, Houston, Louisville tiririkeni hapa, maduka ya kwenu wazee wasio na simu janja wanafanyiwaje? Na kama kuna aliyefanikiwa kurudishiwa hela ya ofa ya kidigitali aseme alitumia lugha gani pale kaunta, maana Jumamosi narudi na bibi.