ETI TOVUTI NI "KUBANDIKA TU"!!!

Wakuu, mimi ndiye mtunza tovuti ya ofisi, naandika damu ikiwa bado inachemka. Huyu bosi mnamjua, kila ofisi kuanzia Posta mpaka Mikocheni ina wa kwake. Leo kikaoni, wahasibu wapo, dereva yupo, dada wa chai kashika chupa mkononi, katamka: "Tovuti si kubandika tu? Hata mwanangu wa darasa la tano anabandika."

Darasa la tano!

Hicho cha kubandika chenyewe kinaletwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwa WhatsApp. Taarifa kurasa 34, imeprintiwa, ikapigwa muhuri, ikaskaniwa imelala ubavu, nzito kuliko kontena la bandarini. Hayo si maandishi, ni picha ya maandishi. Msomaji hawezi kutafuta neno wala kunakili namba, na programu ya kumsomea asiyeona inabaki bubu. Faili la Word lililoizaa lipo kwa sekretari, hatua tatu tu, ukiliomba unaambiwa "hilo halina muhuri".

Picha za hafla nazo zimebanwa na WhatsApp mpaka mgeni rasmi hatofautiani na pazia. Ukiomba za kamera zinakuja 12, MB 9 kila moja, "weka zote ukurasa wa mbele". Hizo ni MB 108! Mtu wa Mbagala mwenye bando la MB 500, zaidi ya moja ya tano imeliwa kabla hajaona namba ya simu ya ofisi. Kila picha inatakiwa ishushwe hadi upana wa pikseli 1,600, ibanwe chini ya KB 300, ipewe jina linaloeleweka badala ya IMG_4471, iandikiwe maelezo mbadala, yale ya kumsomea asiyeiona. Dakika tano kila moja, saa nzima hiyo. Na bado, mbele ya dada wa chai, "hata mwanangu"!

Juzi kaagiza kurasa zote za zamani zifutwe. Hakuna orodha, hakuna kuelekeza anwani za zamani kwenda mpya kwa 301, ile amri ya kumhamisha msomaji moja kwa moja. Linki iliyochapwa kwenye vipeperushi sasa inaishia 404, yaani "ukurasa haupo", na lawama anabeba mbandikaji.

Mzee wa Kimara: Pole, lakini aya zote hizi na kalenda ya maudhui, ratiba ya nini kinawekwa lini, huna. Chora jedwali: ukurasa, mwenye ukurasa, anayeidhinisha, tarehe ya kupitiwa tena. Mwisho wa kupokea uwe Jumatano saa sita. Mmemlea wenyewe.

Chotara wa Tabata: Jedwali analisaini nani? Huyo huyo wa darasa la tano 😂😂

Binti Segerea: Mimi wananiua wanaonakili toka Word na kumwaga moja kwa moja. Aya moja fonti tatu, kwenye simu maneno yanatoka nje ya kioo. Ctrl+Shift+V jamani, inaleta maandishi matupu!

Fundi Mitambo: Nyie mnalia na fonti? Kuna ofisi jina la tovuti limesajiliwa kwa imeili binafsi ya kijana aliyeacha kazi. Kumbusho la malipo ya mwaka likaenda kwake. Jina limeisha muda, tovuti imezima, na imeili za ofisi nzima zimezima nayo kwa sababu zinategemea jina hilo hilo.

Binti Segerea: Mungu wangu. Wanalirudishaje?

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Katamka mbele ya DADA WA CHAI.

Fundi Mitambo: @Binti Segerea waanze kwa msajili wa majina ya tovuti waliyemlipa, waende na barua rasmi ya taasisi. Wawahi, maana muda wa nyongeza ukipita mtu mwingine anaweza kulichukua. Likirudi waweke imeili ya cheo, isiwe ya mtu, na wawepo wawili wenye pasiwedi.

Chotara wa Tabata: Hebu niangalie la kwetu liko kwa nani.

Chotara wa Tabata: Liko kwa mkandarasi wa 2017. Simu haipatikani.