Mjadala: Je, fundi hodari avumiliwe matusi yake kwenye miradi ya programu huria?

Mwanzisha mada:

Wakuu, heshima kwenu. Kuna grupu la vijana hapa Dar wanaotengeneza gemu za simu kwa mapenzi tu, bila mshahara wala mfadhili. Msimbo wao uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuurekebisha. Juzi binti mmoja aliuliza kwa nini mhusika wa gemu yake anapenya ukuta katika Godot, programu huria ya kutengenezea gemu. Jibu lilikuwa la sentensi moja: ukuta haujawekewa nodi ya CollisionShape2D. Fundi mkubwa wa grupu akamwambia GDScript, lugha ya kuandikia gemu za Godot, ni lugha ya watoto, akajifunze lugha ngumu ya C++ au arudi jikoni. Binti akajitoa kimya kimya. Tuliolalamika tukajibiwa: "Mwacheni, jamaa ni kichwa, nusu ya gemu kaandika yeye." Sasa grupu limegawanyika. Wapo wanaotaka kanuni za mwenendo ziandikwe, na wapo wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu, kinachohesabika ni msimbo.

Mimi nataka ziandikwe. Ila zianze kumbana anayeshika funguo za mradi, yaani mwenye mamlaka juu ya msimbo, vinginevyo tusihangaike.

Habari ya lugha za watoto niimalize haraka. Lua, lugha nyingine nyepesi ya kuandikia programu, ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, na gemu za Roblox zinaandikwa kwa lugha iliyotokana nayo. Godot ilianzishwa Argentina na Juan Linietsky na Ariel Manzur, msimbo wake ukafunguliwa kwa umma 2014. Unity, programu nyingine ya kutengenezea gemu, ilipotangaza Septemba 2023 tozo ya kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wengi wadogo walikimbilia Godot. Kijana anayeanza na GDScript kwenye laptopu ya mtumba ya Kariakoo amechagua vizuri.

Hili la "jamaa ni kichwa" ndilo zito. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi huria wa Linux, ni kichwa kuliko sisi sote, na kwa miaka mingi alijulikana kwa kuwaporomoshea watu maneno makali kwenye barua pepe za Linux. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa muda, na mradi ukapokea kanuni za mwenendo zilizotokana na Contributor Covenant, kiolezo cha kanuni kinachotumiwa na miradi mingi huria. Greg Kroah-Hartman, msimamizi mwenzake, akakamilisha toleo la 4.19 la Linux. Kazi haikusimama.

Lakini itazameni Rust, mradi wa lugha huria ya kuandikia programu. Novemba 2021 timu yao yote ya nidhamu ilijiuzulu, ikisema timu kuu ya mradi haiwajibiki kwa yeyote ila kwake yenyewe. Kanuni walikuwa nazo, tena nzuri. Kilichokosekana ni nguvu ya kuzitumia dhidi ya wakubwa. Ni mechi ya mchangani ambayo mwenye mpira ndiye refa: ukimdai penalti, anabeba mpira wake anaondoka.

Na jeuri haitoki juu peke yake. Programu ya xz, inayobana mafaili na imo karibu katika kila kompyuta ya Linux, ilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja wa kujitolea, Lasse Collin wa Ufini. Mwaka 2022 watu wasiofahamika walianza kumsonga kwa barua pepe: mbona unachelewa, huwezi, mpe mwingine. Naye akaeleza kwamba afya yake ya akili haiko sawa. Mwishowe akamkabidhi sehemu ya usimamizi mtu aliyejiita Jia Tan, na huyo ndiye aliyekuja kupachika mlango wa siri katika toleo la 5.6.0, Februari 2024. Mhandisi Andres Freund aliugundua mwezi uliofuata, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo ukali dhidi ya anayejitolea uligeuzwa silaha. Ningependa wanaosema adabu haihusiani na ubora wa msimbo wanijibu hapo.

Kuhusu "mambo ya Wazungu": mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wabia wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili mwaka 2004. Programu huria ina umri hapa mjini. Kumheshimu mgeni anayebisha hodi tumefundishwa nyumbani.

Mchangiaji wa Tabata:

Mkuu, matusi hayafai, nakubali. Ila kanuni hizi hugeuka rungu la kuwafukuzia wenye maoni tofauti. Hao hao Godot, Septemba 2024, kulizuka ugomvi mtandaoni, akaunti ya mradi ikawafungia watu wengi, wengine wakajitenga wakaanzisha Redot, nakala yao ya Godot. Na sisi tuko wachache. Ukimfukuza jamaa, gemu ataimalizia nani?

Mwanzisha mada:

Ndugu yangu wa Tabata, hofu yako ni ya kweli, na ndiyo maana sitaki kanuni ndefu za kunakili. Nataka ukurasa mmoja wa Kiswahili unaogusa unavyomtendea mwenzako ndani ya mradi, usioingia kwenye siasa wala dini yake. Anayefungiwa aelezwe kosa na apewe pa kukata rufaa. Waliounda Redot walitumia haki ya kunakili na kurekebisha msimbo ambayo leseni ya Godot, iitwayo MIT, inampa kila mtu, na Godot ina watu wa kutosha kubaki imesimama. Gemu yetu ikigawanywa mara moja imekufa.

Sijasema jamaa afukuzwe. Amwombe binti yule radhi pale pale alipomtukania, na funguo za mradi washike watu watatu badala ya yeye peke yake. Unauliza nani atamalizia gemu. Mimi nauliza ni wangapi wangekwisha kuimalizia, wakasoma majibu ya jamaa, wakafunga simu bila kuandika neno. Hao hatuwaoni kwenye orodha ya waliochangia.

Wengine njooni na hili: hao watatu tuwapate kwa kura, au kwa kazi waliyofanya?