Mimi ni Mwislamu, binti yangu anapokea Komunyo ya Kwanza. Siku hiyo nikae vipi kanisani?

Baba wa Darasa la Nne:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Pangani, naishi Dar. Mke wangu ni Mkatoliki, Mchaga wa Kilema. Tulifunga ndoa bomani na tukakubaliana mapema kwamba watoto watalelewa katika dini ya mama yao. Walionisema walinisema, yakaisha.

Sasa binti yupo darasa la nne shule ya masista, na Jumapili ya Mwili na Damu ya Kristo anapokea Komunyo ya Kwanza na wenzake. Gauni limeshashonwa, limetundikwa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, na mtu akitoka kula haruhusiwi kulisogelea.

Kwenye kikao cha wazazi sista alitueleza kwamba kila mtoto ataingia katikati ya baba na mama, mzazi mmoja ameshika mshumaa. Binti ameshaamua kuwa mshumaa nashika mimi. Mimi kanisani huwa naingia kwa misiba na harusi, tena nakaa nyuma karibu na mlango. Safari hii nawekwa benchi la mbele. Wakipiga magoti nifanyeje? Wakienda kupokea nibaki peke yangu watu wote wakiniangalia?

Halafu kuna mama yangu. Anakuja kutoka Pangani, anachojua ni kwamba kuna "sherehe ya shule". Na kuna shemeji zangu, ambao tayari wanapanga mbege na kitimoto.

Naomba ushauri. Wa matusi sitawajibu.

Katekista Mstaafu:
Hongera baba. Nimeandaa watoto wa Komunyo miaka mingi, na baba Mwislamu kwenye benchi la mbele si jambo geni hata kidogo.

Tembea na mtoto wako, shika mshumaa. Kuushika hakukufanyi uwe umeapa chochote. Wakisimama, simama, wakikaa, kaa. Wakipiga magoti, unaweza kubaki umekaa kwa utulivu, hakuna atakayekuuliza. Ishara ya msalaba si lazima kwako. Kuna mahali padri atawauliza wazazi na watoto kuhusu ahadi za ubatizo, wajibu "ninasadiki". Hapo nyamaza tu, mke wako atajibu. Wakati wa kupokea, baki kwenye nafasi yako au wapishe wengine wapite. Sehemu nyingine asiyepokea husogea amefumbata mikono kifuani akapewa baraka. Muulize sista kama parokia yenu wanafanya hivyo.

Jambo moja wazazi wengi hulisahau: siku hiyo ya Mwili na Damu ya Kristo, baada ya misa kuna maandamano barabarani, watoto wanatupa maua. Ni marefu na jua ni kali. Beba maji. Mtoto asile saa moja kabla ya kupokea, ila maji na dawa havina shida. Nimeshaona watoto wameshindishwa njaa tangu jana yake, wanaangukia altareni.

Mja wa Mola:
Ndugu yangu katika imani, nakuandikia kwa mapenzi. Kumwoa mwanamke wa Ahlul Kitabi, yaani Mkristo au Myahudi, umeruhusiwa, lakini mtoto wa baba Mwislamu ni Mwislamu, na malezi yake ni amana utakayoulizwa wewe. Katekista kakueleza adabu za kanisani, mimi nakukumbusha swali lililo kubwa kuliko mshumaa.

Baba wa Darasa la Nne:
Shekhe, nimekusikia na sikubishii. Hilo lilishazungumzwa na wazee wa pande zote mbili kabla binti hajazaliwa. Neno nililolitoa mbele ya wakwe sitalirudisha leo, gauni likiwa kabatini.

Mama Mkwe Mtarajiwa:
Mmemjibu kuhusu magoti na mshumaa, mbona hakuna aliyemuuliza kuhusu mkewe? Baba, mmeoana bomani. Siku hiyo mama wa mtoto atapokea?

Baba wa Darasa la Nne:
Dada, sijui. Misa haikosi, jumuiya haikosi, zaka analipa. Ngoja nimuulize.

Baba wa Darasa la Nne:
Nimemuuliza tukiwa jikoni. Hajapokea tangu tuoane. Anasema kila Jumapili watu wakipanga mstari yeye huinamisha kichwa kama anasali, foleni ikaisha. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nione kama ananivuta kwenye dini yake. Na wiki iliyopita binti alimuuliza: "Mama, wewe utapokea kwa padri yupi, ili nipange mstari wako?" Hakumjibu.

Wakuu, hili sikulitegemea. Kuna njia, au ni mpaka nibadili dini? Maana hilo siwezi.

Katekista Mstaafu:
Huhitaji kubadili dini. Nisome taratibu.

Kwa Kanisa, Mkatoliki akifunga ndoa bomani bila ruhusa, ndoa hiyo Kanisa halijaitambua, ndiyo maana mkeo anajizuia. Dawa yake ipo. Kwa kuwa wewe hujabatizwa, askofu hutoa kibali maalumu cha tofauti ya dini. Mkeo ndiye anayeahidi kwamba ataitunza imani yake na atafanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wewe unafahamishwa tu kwamba ameahidi hivyo. Hutakiwi kuahidi kwa niaba yake wala kusaini kwamba umeacha Uislamu.

Kisha ndoa inafungwa mbele ya padri na mashahidi wawili. Mara nyingi inafanywa bila misa, watu wachache, dakika chache mnamaliza. Kama hutaki kabisa kurudia maneno ya ndoa, ipo njia nyingine ambayo askofu anaithibitisha ndoa yenu ileile ya bomani bila kurudia chochote, mradi wote wawili bado mnaitaka. Hiyo haiombwi sana, lakini ipo kwenye sheria za Kanisa, kwa hiyo akikuambia mtu haipo, mwombe aulize jimboni.

Mwende wote wawili kwa paroko wiki hii. Mbebe cheti cha ndoa, cheti kipya cha ubatizo cha mkeo kutoka parokia aliyobatizwa, na barua ya jumuiya. Hicho cha ubatizo ndicho kitakachowachelewesha, kwa hiyo apige simu Kilema leo. Kibali kikitoka, mama ataungama kabla ya siku yenyewe, kama watoto wanavyoungama. Siwezi kukuahidi kwamba mafaili ya jimbo yatawahi Jumapili hiyo.

Wakili wa Mtaani:
Nyongeza kutoka upande wa serikali. Paroko atataka kujua kama ndoa yenu ni ya mke mmoja. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila inachukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine zote, ikiwemo ya bomani, zinachukuliwa kuwa za mke mmoja. Lakini bomani wanandoa wanaweza kuchagua, kwa hiyo soma cheti chako kabla hujaenda. Wapo wanaume waliokuja kujua walichosaini bomani wakiwa tayari mbele ya padri.

Mama Pilau:
Napika shughuli, hili la chakula niachieni mimi. Mbuzi wa ndafu achinjwe na Mwislamu, hapo kila mtu anakula na hakuna anayeuliza maswali mezani. Kitimoto kisiingie kabisa. Usikubali ule ujanja wa "tutakiweka meza ya nyuma", miiko ya kupakulia inachanganyika jikoni na wewe huwezi kuilinda. Mbege wainywe Kilema. Hii ni sherehe ya mtoto, soda na juisi ya ukwaju zinatosha. Na shemeji zako waambiwe na mkeo, si wewe.

Binti wa Bagamoyo:
Sisi huku tumeishi na mapadri tangu 1868, kwenye mji wa Waislamu, na tunazikana. Mama yako mwambie ukweli kabla hajapanda basi. Akigundua kanisani, kitakachomuuma ni kufichwa na mwanawe. Mweleze mjukuu wake anaingia siku kubwa ya dini ya mama yake. Mpe uhuru wa kuja kanisani au kubaki nyumbani akaja kwenye chakula. Mimi nyanya yangu alichagua kukaa nje kwenye kivuli cha mwembe hadi tukatoka, akatuvalisha mashada ya asumini. Asilazimishwe.

Baba wa Darasa la Nne:
Mama nimempigia. Alinyamaza, kisha akauliza mtoto anavaa viatu namba ngapi. Paroko tunaonana naye Alhamisi. Cheti kipo mkononi, kimeandikwa mke mmoja, Wakili unaweza kulala.

La mwisho: nivae kanzu au suti? Mke anasema suti, binti anasema kanzu.

Katekista Mstaafu:
Vaa kanzu. Padri na watumishi wa altareni nao watakuwa wamevaa za kwao. Kofia tu ndiyo uivue mlangoni, na mshumaa uushike mbali kidogo na gauni, yale ya neti yanashika moto haraka.