Naomba ushauri: kupe sugu au dozi hafifu?

Wakuu, habari zenu. Nipo mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo, Morogoro. Utafiti wangu ni wa kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe. Wafugaji wanalalamika dawa ya kuogesha haiui tena, lakini wengi wanachanganya kwa macho tu: kifuniko kimoja kwa ndoo, bomba moja linamaliza zizi zima! Sasa usugu wenyewe nitautenganishaje na dozi hafifu?

Nafikiria kipimo cha pakiti, lava (watoto wa kupe) wa siku 14 hadi 21 wafungiwe saa 24 kwenye karatasi yenye dawa. Ila kupe majike walioshiba damu, ambao mayai yao ndiyo yatanipa lava, nawasafirishaje kutoka bomani wasife kwa joto kabla ya kutaga? Aliyewahi kufanya anielekeze, tafadhali.